Askari 24 kwenye sanduku la mwaloni

Kifurushi kilifika kimefungwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kununua kwa posta. Kila askari wa kuchezea alikuwa amevikwa karatasi laini peke yake, kila kundi likiwa ndani ya bahasha yenye namba inayolingana na orodha iliyoandikwa kwa mkono. Nilihesabu: 24, sawasawa na alivyoahidi muuzaji. Kufikia hapo nilikuwa tayari kumpa nyota tano. Nimempa tatu, na nitaeleza zile mbili zilipotea wapi, maana anayeanza kukusanya askari wa kuchezea wa kale atakutana na mambo haya kwa karibu kila muuzaji.

Tangazo lilisema ni askari wa watengenezaji mbalimbali wa Ulaya, wote wakiwa na rangi yao ya asili, pamoja na sanduku la mbao la kuwahifadhia, zawadi kwa mnunuzi. Maneno "rangi ya asili" ndiyo yaliyonifanya nilipe bila kuuliza maswali mengi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Mimi ni fundi saa. Nina lenzi ya jichoni ambayo nimeizoea kama wengine walivyozoea miwani, nina mizani ndogo, sumaku, na taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Kwa vifaa hivyo vinne nilikaa na askari hawa jioni tatu mfululizo.

Nilianza na watano wa farasi, Life Guards (kikosi cha farasi cha walinzi wa mfalme wa Uingereza), kazi ya kampuni ya Britains ya London. Seti hii ndiyo namba 1 katika orodha ya kampuni, na historia yake inaanza mwaka 1893. Kabla ya hapo soko la askari wa madini lilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na askari wao walisubiwa wakiwa wamejaa madini ya risasi mpaka ndani: wazito, wanaokula madini mengi, na kwa hiyo ghali. William Britain mdogo, ambaye familia yake ilikuwa ikitengeneza vitu vya kuchezea vyenye mitambo, akapata njia nyingine. Unamimina kwenye kalibu mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni ukiwa wa moto, unaizungusha kalibu ili madini yashike kuta zake na kuanza kuganda, kisha kabla ya katikati hakujaganda unayamwaga yaliyobaki. Kinachotoka ni gamba lenye sura ya askari, ndani uvungu mtupu.

Kila nikiwashika napenda kuifikiria ile nukta ya kumwaga. Ukichelewa, askari anajaa na faida inakwisha. Ukiwahi, anatoka na tobo mgongoni. Hakukuwa na kipima joto cha umeme wala saa ya kuhesabia; ilikuwa mikono ya mtu aliyerudia kazi ileile maelfu ya mara hadi mwili ukajua wenyewe. Askari akawa mwepesi, madini yakapungua, bei ikashuka, na familia ambazo hazikuweza kununua jeshi la Kijerumani zikaweza kununua sanduku la askari wanane wa miguu au watano wa farasi. Ndiyo idadi ya kawaida ya masanduku ya Britains, na ndiyo sababu nilipoona watano kwenye orodha moyo ulinidunda: huenda wametoka sanduku moja na hawajawahi kutenganishwa.

Walikuwa wametenganishwa. Watatu ni ndugu, wawili wamepakwa rangi upya.

Kwa macho matupu usingejua. Koti jekundu, dirii ya rangi ya chuma kifuani, shungi jeupe juu ya chapeo, farasi mweusi: kila kitu kipo mahali pake. Lakini chini ya lenzi, ile mistari myembamba ya hatamu kwenye shingo za farasi wale wawili imezibwa na rangi nzito. Rangi imeingia hadi ndani ya mikwaruzo, na mkwaruzo uliokuja baada ya rangi hauwezi kuwa na rangi ndani yake. Nikazima taa ya chumba, nikawasha ya urujuanimno. Mashungi matatu yalibaki na weupe wa kufifia. Mawili yakawaka samawati kama shati jipya. Rangi nyingi za kisasa huwaka hivyo, na zile za kale kwa kawaida haziwaki.

Kuna wanaosema rangi mpya inampa askari uhai. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Rangi ya kiwandani ilipakwa kwa mkono, na wapakaji wengi walikuwa wanawake waliofanya kazi hiyo siku nzima, uso baada ya uso. Ukikuza uso wa mmoja wa wale watatu unaona vitone viwili vya macho, doa la waridi shavuni, na sharubu iliyochorwa kwa mguso mmoja wa brashi, kushoto nzito kidogo kuliko kulia. Sharubu ile haikuwa pambo tu: hadi mwaka 1916 kanuni za jeshi la Uingereza zilimkataza askari kunyoa juu ya mdomo. Yule aliyewapaka upya wale wawili aliwapa nyuso safi, bila sharubu. Kwa brashi moja akafuta mkono wa mwanamke asiyejulikana na kanuni ya jeshi kwa pamoja.

Na mchakao wa kweli una utaratibu wake. Rangi huondoka kwanza palipochomoza: puani, magotini, kwenye masikio ya farasi, na kwenye mbavu za farasi pale vidole vya mtoto vinapobana wakati wa kumsogeza. Ukiona askari wa kale anang'aa pande zote sawasawa, muulize muuzaji kabla ya kufungua pochi.

Kabla sijaendelea, niseme kitu kuhusu zile dirii, kwa kuwa ndizo zinazowavutia watu wengi kwenye seti hii. Life Guards hawakuvaa dirii kwenye vita vya Waterloo mwaka 1815. Zilirudi mwaka 1821 kwa ajili ya sherehe za kutawazwa kwa George IV, zikabaki kuwa vazi la gwaride. Kwa hiyo mtoto aliyewapanga sakafuni wapigane alikuwa akiwapeleka vitani wakiwa na nguo za sherehe.

Wanane wa miguu, makoti mekundu, ni Britains pia, na hapa ndipo nyota ya pili ilipoondoka, ingawa ndilo kundi nililolipenda kuliko yote. Mmoja wao kichwa chake kilikuwa kinacheza kidogo. Nilikivuta taratibu, kikatoka, na ndani ya uvungu wa shingo mlikuwa na kijiti cha kiberiti kilichovunjwa kwa urefu wa nusu ukucha. Mkusanyaji mzoefu anajua jambo hili: askari wenye uvungu hukatika shingo upesi, na kwa kuwa shingo ni tupu, njiti ya kiberiti huingia kama imepimwa. Watoto na baba zao waliwatengeneza hivyo kwa miaka mingi. Njiti hii imekuwa nyeusi, na pembeni kuna gundi iliyokauka hadi imekuwa kama asali ya kale.

Siyo kasoro inayonichukiza. Mtu alimpenda askari huyu kiasi cha kutokumtupa. Ninachomdai muuzaji ni kuandika. Shingo iliyotengenezwa hushusha thamani, na orodha yake ya mkono, nzuri kama ilivyo, ilisema tu "wanane, hali njema". Angeandika "mmoja shingo ina njiti", ningemnunua vilevile, na ningemwamini zaidi kwa yaliyobaki.

Kundi hilohilo lilinipa furaha kubwa kuliko zote. Chini ya kitako cha mmoja, kile kibao anachosimamia, imebaki nusu ya karatasi ndogo iliyobandikwa, yenye herufi chache za jina la kampuni na sehemu ya tarehe. Britains walianza kubandika karatasi hizi mwaka 1900, kwa sababu watengenezaji wengine walikuwa wakinunua askari wao, wakitengeneza kalibu kutokana nao na kuuza nakala. Baadaye maandishi yakahamia kwenye madini yenyewe. Hapa nimwonye anayeanza, maana tangazo la muuzaji wangu liliteleza pia: tarehe iliyo chini ya askari si tarehe ya kutengenezwa kwake. Ni tarehe ya kusajiliwa kwa umbo, ili kulinda haki ya mwenye kalibu. Kalibu moja iliweza kutumika miaka mingi baadaye. Tangazo liliwaita hawa wanane "wa mwaka ule" kwa kusoma karatasi. Karatasi inasema tu kwamba hawawezi kuwa wa kabla ya hapo. Ukitaka kuwa karibu zaidi na ukweli, tazama umbo la kitako, namna mkono ulivyoungwa begani, unene wa rangi, na kama bahati ipo, sanduku lake. Langu halikuwa na masanduku ya awali, na muuzaji alilisema hilo waziwazi.

Kisha mmoja peke yake kwenye bahasha yake: askari wa King's African Rifles, sare ya kaki, tarbushi nyekundu, bunduki begani. Keya, kama walivyoitwa na watu waliokuwa wakiwaona wakipita. Britains walikuwa na seti yao kwenye orodha, na nimemtafuta huyu muda mrefu. Jeshi lenyewe liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda, na Kiswahili kikawa lugha yake ya amri na ya kambini. Mwaka 1914 lilikuwa na batalioni tatu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha zilikuwa 22.

Nilimweka mezani karibu na wale wa makoti mekundu nikamtazama kwa muda. Kiwandani alitengenezwa kwa njia ileile, gamba lilelile, brashi ileile. Ila kumbukumbu ya vita vyake kwenye sanduku hili ina pengo. Vita vile vya Afrika Mashariki vilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Chakula, risasi, dawa, hata mizinga iliyofunguliwa vipande ilibebwa na watu, porini na kwenye matope, na waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi mno kuliko waliouawa kwa risasi. Katika askari wangu 24 hakuna hata mpagazi mmoja. Mkusanyaji akitaka kujua historia kwa kupanga vinyago rafuni, ajue kwamba rafu inaonyesha kile ambacho mzazi wa Ulaya alikuwa tayari kumnunulia mwanawe. Huyu Keya rangi yake ni ya asili yote, imemomonyoka kwenye tarbushi tu. Hapo muuzaji alinipa zaidi ya nilichotarajia.

Wanne waliofuata ni Wajerumani wa Heyde wa Dresden. Hawana alama yoyote, kama kawaida ya Heyde, kwa hiyo unawatambua kwa mwili: wafupi kuliko Britains, lakini ukiwaweka kwenye mizani wanazidi, kwa sababu ndani wamejaa. Ukubwa wa Britains ni milimita 54 kwa askari wa miguu aliyesimama, kipimo ambacho kimekuwa kama sheria kwa wakusanyaji. Heyde walitengeneza vipimo vingi. Walichowashinda nacho Waingereza ni mikao. Britains wanatembea kwa mstari, wote sawa. Heyde wanapika kambini, wanaanguka kutoka kwenye farasi, wanapiga ngoma, wanamsaidia mwenzao aliyejeruhiwa. Mmoja wangu amepiga goti akinywa kwenye kibuyu cha maji. Kiwanda kiliharibiwa kwenye mabomu yaliyoteketeza Dresden Februari 1945, hakikurudi tena.

Mnywa maji huyu ana ugonjwa. Nyuma ya goti lake kuna unga wa kijivu, na ukiugusa kwa brashi laini unadondoka. Wakusanyaji huuita kuoza kwa risasi. Mvuke wa asidi ukikutana na risasi huanza kuila, na unga unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko madini yaliyokuwepo, kwa hiyo rangi inapasuka na askari anavimba. Na mvuke huo hutoka wapi? Kwenye mbao, hasa mwaloni, na kwenye kadibodi za bei rahisi na baadhi ya gundi.

Sasa tazama zawadi ya muuzaji. Sanduku la mwaloni, limepigwa vanishi, bawaba za shaba, ndani limegawanywa vyumba 24 kwa mikono ya fundi anayejua kazi yake. Ni zuri kwelikweli. Kuwafungia ndani yake askari wa risasi ni kuwafungia na adui. Muuzaji aliniambia baadaye kwamba alikuwa amewaweka humo miezi minane. Sikumpunguzia nyota kwa hili kwa kuwa alifanya kwa nia njema, lakini ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeuza na anayenunua alijue. Wangu wako kwenye kabati la chuma na kioo, lenye upenyo wa hewa, mbali na jua. Sanduku nimelifanya la kuwekea vipuri vya saa.

Wale watatu wa Elastolin nitawaeleza kwa ufupi, ingawa kihistoria ndio wanaonipa uzito moyoni. Hawa si wa madini. Elastolin ni jina la biashara la kampuni ya Hausser ya Ludwigsburg, Ujerumani, iliyowatengeneza kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi, ukakandikwa juu ya waya. Weka sumaku ubavuni, utahisi waya ukiivuta. Unyevu ukiingia, waya hushika kutu, huvimba, na mwili hupasuka. Mmoja wangu ana ufa kutoka kiunoni hadi buti, na muuzaji aliupiga picha na kuuandika. Hapo alifanya inavyotakiwa. Wangu ni askari wa kawaida, lakini kampuni hii katika miaka ya 1930 ilitengeneza pia vinyago vya Hitler na viongozi wenzake, mkono ukiinuka kwa saluti, na watoto walivipanga sebuleni. Yupo anayesema vya kuchezea havina siasa. Mimi nawaweka watatu hawa rafu ya chini, na mgeni akiuliza namweleza yote, bila kuruka kitu.

Watatu wa mwisho ni askari bapa, wembamba kama sarafu. Hii ndiyo mizizi ya kazi yote. Nürnberg na miji ya jirani ilikuwa ikiwasubu tangu karne ya 18 kwenye kalibu za jiwe laini zilizochongwa kwa mkono, pande mbili zikifungwa pamoja. Ushindi wa vita wa mfalme Frederick wa Prussia ndio uliowafanya watoto na wakubwa wawatamani. Waliuzwa kwa uzito, wakiwa wamelazwa kwenye visanduku vyepesi vya mbao nyembamba. Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen akafungua kiwanda chake mjini Nürnberg, na kipimo chake cha takriban milimita 30 kikafuatwa na wengine. Wangu mmoja amepinda, na sitamnyoosha: madini haya yakipindishwa mara ya pili hukatika.

Nilimwandikia muuzaji siku ya nne, nikaambatanisha picha saba, zikiwemo zile za chini ya taa. Alijibu baada ya siku mbili. Hakubisha. Alisema alinunua mkusanyiko mzima kutoka kwa familia ya mkusanyaji aliyefariki na hakuwahi kuwatazama kwa taa. Alinirudishia sehemu ya fedha kwa wale Life Guards wawili na yule wa njiti, na matangazo yake mengine akayabadilisha: sasa yanasema "rangi haijakaguliwa" pale ambapo hajakagua. Kwa wanaoniuliza kama wanunue kwake, jibu ni ndiyo, mradi uombe picha za vitako na picha chini ya taa ya urujuanimno kabla ya kulipa. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo, askari wa risasi wakae juu na kwa kufuli, nawe unawe mikono kila ukiwashika. Britains waliacha kutengeneza hawa wa risasi mwaka 1966, wakati sheria za usalama wa vya kuchezea zilipokuwa zikikazwa, na sababu ya sheria hizo bado iko palepale ndani ya madini.

Njiti nimeirudisha shingoni ilivyokuwa, bila gundi mpya.

Muuzaji ana kundi jingine sasa, magrenadia wa Napoleon wa Mignot wa Paris, kumi na wawili, wazito waliojaa ndani, kila mmoja na shungi lake refu jekundu. Jana usiku amenitumia picha nilizoomba, kumi na mbili chini na kumi na mbili gizani. Nimezikuza moja baada ya moja. Hakuna shungi lililowaka.